Alama ya Manjano ya Seu Genival

Dona Nevinha, jirani yangu, alinipa habari ile kupitia juu ya ukuta, mimi naanika nepi, yeye ana ungo wa maharage mkononi. Hakuanza kwa salamu.

"Jucilene, mwanangu, unajua nani alimharibu mtoto wako?"

Nikamwambia mtoto wangu hajaharibika.

"Haya, hajaharibika. Lakini aliyemchelewesha unamjua? Ni huyo wa geti la bluu. Genival. Na leo simwiti Seu, heshima hiyo haistahili kwake. Ile kompyuta ya zahanati ni kazi ya mikono yake, na kosa lililomeza karatasi ya Lorena alikuwa analijua. Amesema mwenyewe, kwa mdomo wake, pale dirishani kwa Gorete wa zahanati. Mstari mzima umemsikia."

"Labda alikuwa anatania."

"Atanie, yule? Hata Carnaval inampita amenuna."

Akaendelea kuchagua maharage, vijiwe akivitupa upande wangu. Kisha akasema yeye hasemi kitu, ameniletea tu, akaingia ndani.

Mimi nimeishi mkabala na geti lile tangu nilipoolewa, hapa Bodocongó, Campina Grande, na kabla ya asubuhi ile ningekwambia namjua Seu Genival kama ninavyojua jiko langu. Alikuwa mtu wa ofisi ya kompyuta ya manispaa mpaka mgongo ulipomtoa kazini. Wenzake wa rika lake walipostaafu walikwenda kucheza dhumna uwanjani. Yeye alifungua dirisha la chumba cha mbele, akaweka meza, akakaa. Tangu asubuhi unamwona kichwa kimeinama, fulana nyeupe, feni nyuma yake. Mpira wa watoto ukiangukia uani kwake hagombi. Anautazama, na kama umelegea anautia upepo kwanza ndipo anaurudisha, bila neno.

Kazi yake pale dirishani ilikuwa programu iitwayo Umbu. Ndiyo inayotumika kwenye zahanati zetu kuandikisha wagonjwa, chanjo na majibu ya vipimo. Haina mwenyewe. Ni programu huria, yaani yeyote anaweza kuifungua aone imeandikwaje, na akiona pamechanika anashona. Waliokuwa wakiishona walikuwa wametawanyika nchi nzima, wengi hawajawahi kushikana mikono, wanagombana kwa maandishi kutwa. Nusu ya mistari ya kwanza ya Umbu aliiandika Seu Genival, bure. Mke wake, Dona Socorro, alikuwa na usemi wake: "Mume wangu ana vikao kuliko gavana, na malipo kama ya mzuka."

Sasa niseme kuhusu wanangu, maana bila wao hiki kisa hakieleweki.

Raíssa na Lorena walizaliwa siku moja, kwa tumbo lilelile, kwenye kitanda kilekile. Hapa kwetu mtoto akizaliwa hospitali haandikwi jina lake mpaka baba aende kwa msajili. Kwa muda huo kila karatasi inasema Mtoto wa fulani, jina la mama. Joelson wangu alikuwa Seridó anasimamisha mitambo ya upepo, hakupewa ruhusa mara moja. Kwa hiyo siku walipotobolewa kisigino ili damu ikapimwe magonjwa ya kuzaliwa nayo, wote wawili walikuwa Mtoto wa Jucilene. Mama mmoja, siku moja, mtaa mmoja, wasichana wote.

Raíssa alilia mpaka majirani wakaniletea majani ya kuchemsha. Lorena alilala. Unamwamsha anyonye, ananyonya kidogo, analala tena. Ngozi yake ilikuwa na umanjano, na ulimi ulijaa mdomoni, lakini nani aliyetazama ulimi? Watu walinisifu. Mama mkwe alisema huyu ndiye malaika wa nyumba. Nilikuwa nambeba nikiwa nimechoka na mwenzake, nikamnong'oneza asante kwa kunionea huruma.

Daktari aliyekuja kumtazama miezi mingi baadaye hakumsifu. Alimshika shingo, akamfungua mdomo, akauliza karatasi ya kisigino iko wapi. Gorete, karani wa zahanati, alitafuta kwenye kompyuta akakuta Mtoto wa Jucilene mmoja tu, ana karatasi moja, safi. Ilikuwa ya Raíssa. Ya Lorena, iliyosema tezi yake ya shingo haifanyi kazi, ilikuwa imemezwa, maana programu iliwaona wote wawili kuwa mtu mmoja.

Siku hizi kila asubuhi namsagia kidonge kwenye kijiko cha maji. Anacheka, anakaa, anaburuta kitako sakafuni kufuata sauti ya mwenzake anayekimbia. Daktari anasema kilichopotea miezi ile ya mwanzo kitarudi kiasi, na kiasi hicho hakuna anayekijua.

Kwa hiyo Dona Nevinha alipoingia ndani, nilimwita tena amshike Raíssa, nikamweka Lorena kiunoni, nikavuka barabara.

Seu Genival alifungua geti mwenyewe. Akanitazama, akamtazama mtoto.

"Umekuja kuuliza," akasema.

"Nimekuja kuuliza."

"Ni kweli. Ingia."

Dona Socorro alinivutia kiti, akaniwekea kahawa na kuskusi yenye siagi. Sikugusa. Seu Genival hakukaa. Alisimama kando ya ile meza yake, akageuza skrini upande wangu, nikaona mistari mirefu ya maandishi, kila mstari una alama ya rangi mwanzoni.

"Kila siku watu wanatuandikia, hiki kimeharibika, kile kimeharibika," akasema. "Na kwa kila mtu lake ndilo kubwa. Mtu nembo ya manispaa yake imepinda, anaandika kwa herufi kubwa kama anazama. Tulikuwa tunagombana mpaka wenzetu wazuri wakahama. Basi nikaandika kanuni. Kasoro inayosimamisha kazi na haina njia ya pembeni ya kuizunguka, nyekundu. Yenye njia ya pembeni, manjano. Hizo nyekundu kwanza, za manjano tukipata nafasi. Watu wakatulia. Walinishukuru, binti yangu. Niliona nimefanya jambo la haki."

"Na Lorena?"

Akashusha kidole kwenye skrini.

"Karani mmoja wa Picuí alituandikia hivi: Mapacha kwangu wamegeuka mtoto mmoja, nimewatenganisha kwa mkono. Basi, mistari miwili. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyekuwa na zamu ya kuweka alama. Nikaona, kama amewatenganisha kwa mkono, njia ya pembeni ipo. Nikaweka manjano, nikaenda kwenye lingine."

"Lini?"

"Ulikuwa na tumbo bado. Nilikuwa nakuona ukipita."

Nilitazama ile alama. Ilikuwa ndogo, kama punje ya mahindi. Pembeni yake palikuwa na jina lake na tarehe. Aliniacha nitazame mpaka nikachoka.

"Ulijua lini kuwa ni wangu?"

"Socorro aliponiambia unampeleka mtoto hospitali kila wiki. Nikamwomba Gorete tuangalie. Karatasi ya Lorena tuliikuta imelala chini ya ile ya mwenzake."

"Na ukanyamaza."

"Nilitaka niirekebishe kwanza. Nilijiambia nitakuja kwako nikiwa na kitu mkononi."

"Uko nacho?"

Dona Socorro ndiye aliyejibu, akiwa amesimama na birika.

"Hana kitu. Anawaomba wenzake wa Umbu wabadilishe rangi, hawataki. Ameanza kuzunguka zahanati moja moja na mgongo wake ule, anawaambia makarani wachunge mapacha. Kwingine wanamsikiliza, kwingine wanamwona kichaa. Kwa Gorete wakamuuliza, wewe unajuaje? Akasema, ni mimi."

Niliondoka kahawa imepoa. Nilimkasirikia siku kadhaa, nikawa nikifagia mbele ya nyumba naupa mgongo upande wa geti. Kisha Dona Socorro akanifuata kwenye duka la mkate.

"Alhamisi jioni wana kikao," akasema. "Njoo usikie wanavyomjibu. Ukitaka kumchukia, mchukie umeshasikia."

Nilikwenda. Nilikaa pembeni ya meza mahali ambapo ile kamera haifiki, Lorena mapajani na kijiko chake. Kwenye skrini palitokea nyuso ndani ya visanduku. Aliyeongoza aliitwa Murilo, kijana wa kusini, wa Florianópolis, anafyonza chai chungu ya kwao kwa mrija wa chuma. Yeye alikuwa analipwa na kampuni moja ya huko kuifanyia kazi Umbu siku nzima, ndiyo maana neno lake lilikuwa zito. Palikuwa pia na mwanamke aitwaye Thalita, wa Teresina, kazi yake kuijaribu programu kabla haijatoka. Wengine walisikiliza tu.

"Seu Genival," Murilo akasema, "usiniambie tumerudi kwa mapacha."

"Hatujarudi. Hatukuwahi kutoka."

Wakacheka, hata Murilo.

"Mwalimu wangu, kanuni uliiandika wewe. Nakusomea? Kasoro yenye njia ya pembeni haiwi nyekundu. Sasa niambie, karani anaweza kuwatenganisha kwa mkono au hawezi?"

"Anaweza, akijua walikuwa wawili. Skrini inamwonyesha mmoja. Amtenganishe na nani?"

"Yule wa Picuí aliweza."

"Yule wa Picuí ni shangazi yao."

Thalita akasogea karibu na kamera yake.

"Nimempigia simu," Seu Genival akasema. "Mapacha wale ni watoto wa kaka yake. Aliwajua kwa sababu aliwabeba. Hiyo ndiyo njia yetu ya pembeni, kila mapacha nchi hii wawe na shangazi dirishani."

"Hilo halikuwamo kwenye taarifa yake," Thalita akasema.

"Hatukumuuliza. Mimi sikumuuliza."

Murilo aliweka chai yake chini. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na uchovu wa mtu anayeitwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko ya Seu Genival.

"Tusisahau kwa nini tunaunganisha majina," akasema. "Wewe mwenyewe ulituletea kisa cha yule bibi wa Cajazeiras, ameandikishwa zahanati mbili, anapewa dawa ya presha mara mbili, akaanguka. Tukilegeza hapa, mabibi wanarudi. Utawabeba wewe?"

"Marekebisho yangu hayawagusi mabibi. Yanagusa watoto wachanga tu."

"Hayajajaribiwa."

"Yajaribu basi, kijana. Si ndiyo kazi?"

"Na nani, lini? Toleo linatoka kabla ya sikukuu ya São João ya Juni, jimbo zima linaingia. Watu wanaolalamika kuwa Umbu haifunguki kwenye simu wamejaza ukurasa. Wa mapacha nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wale wa simu niwaambie nini?"

"Waambie simu haijamlemaza mtu."

"Na mapacha wamemlemaza nani? Nipe jina. Kila mara unasema kuna mtoto, kuna mtoto. Kisa kisicho na jina ni hadithi, Mwalimu."

Lorena aligonga kijiko kwenye mguu wa meza, akatoa ile sauti yake ndefu.

"Una mtoto hapo?" Murilo akauliza.

"Wa jirani," Seu Genival akasema.

Nilisubiri aendelee. Ilikuwa imebaki kidogo tu, ageuze ile kamera. Mikono yake niliiona imeshika ukingo wa meza. Hakugeuza. Sikuwa nimempa ruhusa, naye hakuiomba kwa macho.

Thalita ndiye aliyeleta suluhu, na watu wakafurahi.

"Tunachanganya vitu viwili," akasema. "Ukubwa wa kasoro ni kitu kimoja, zamu yake ni kitu kingine. Tukubali ni kubwa. Tuipe nyekundu, Seu Genival apate haki yake. Lakini zamu yake iwe baada ya toleo, Agosti hivi."

"Yaani tukubaliane nyumba inaungua," Seu Genival akasema, "halafu tuwaite wazima moto Agosti."

"Mwalimu, kila kikao wewe unatuletea msiba."

"Wamo wanaozaliwa leo, Murilo. Wiki hii watatobolewa kisigino."

"Wanaokubali wanyooshe mkono."

Mikono ikapanda kwenye visanduku, mmoja baada ya mwingine. Alama ikawa nyekundu palepale, mbele ya macho yetu. Seu Genival alikuwa ameililia rangi ile miezi, na sasa aliitazama kama mtu aliyeletewa kiti baada ya watu kuondoka. Alifunga kompyuta bila kuaga. Dona Socorro akamuuliza kama atakula. Akasema baadaye.

Nilivuka barabara nikiwa simchukii. Wala sikumsamehe. Sijui jina la kilichobaki.

Siku zilizofuata alianza ukaidi. Kwa kuwa alikuwa na funguo za Umbu kama wenzake wakubwa, aliingia akabadilisha zamu, akaandika ni ya sasa. Mtu akairudisha Agosti. Akaandika ya sasa. Wakairudisha. Dona Socorro alikuwa akinisimulia huku anamenya mihogo, "Wanafungua na kufunga dirisha moja, kama watoto, na watu wazima wenye mvi." Mwishowe Murilo akamwandikia mbele ya wote kwamba anaupotezea muda mradi kwa sababu za moyoni, na kwamba afadhali apumzike. Seu Genival akajibu kwa mstari mmoja. Aliandika: Mungu akupe mapacha.

Kwetu mtu anaweza kukuambia neno hilo harusini kama dua ya heri. Kila aliyelisoma pale alijua halikuwa la heri.

Wana kanuni nyingine, ya adabu, hiyo hakuiandika yeye. Wakakaa, wakamnyang'anya funguo mpaka mwaka uishe. Anaweza kusoma, kuandika hawezi. Yale marekebisho yake ya watoto wachanga, aliyoyatuma kabla, yakabaki mlangoni hayajafunguliwa na mtu. Na ile alama wakairudisha manjano, wakisema mpaka hali itulie. Aliniambia hilo baadaye bila kupandisha sauti: "Imerudi kama nilivyoiweka mimi."

Toleo lilitoka kwa wakati. São João ikaja na mioto yake mbele ya nyumba, mahindi ya kuchoma, akodioni mpaka masikio yanauma. Zahanati walipata skrini mpya nzuri, Gorete akawa anajivunia kama ameinunua yeye. Na mimi, nisidanganye, miadi ya Lorena sasa naiona kwenye simu yangu, sipangi mstari tena alfajiri nikiwa na watoto wawili. Kila nikibonyeza nakumbuka ilikotoka nafasi ile, na bado nabonyeza.

Agosti ikapita. Waliandika kwamba kuna mambo ya dharura, itatazamwa toleo linalofuata. Dirisha la Seu Genival lilikuwa wazi kama zamani, feni inazunguka, lakini ukipita unamwona amekaa mikono mapajani, anasoma tu. Wazee wa dhumna walimwita mara moja, akaenda, akacheza vibaya, hawakumwita tena. Dona Nevinha alikuwa na habari mpya kila wiki, mara ameshtakiwa, mara anahamia kwa dada yake Patos. Hakuna iliyokuwa kweli. Kweli ilikuwa ndogo na haikumfaa mtu wa kusimulia. Mzee alikuwa ameondolewa kwenye kitu alichokijenga, na kilikuwa kinafanya kazi vizuri bila yeye, isipokuwa kwa watu wachache waliozaliwa wawili.

Ilikuwa saa ya watoto kulala mchana alipovuka barabara kuja kwangu. Hakuwahi kuingia nyumbani kwangu hata siku moja. Raíssa alikuwa amelala. Lorena alikuwa mkekani jikoni, macho makavu. Nikampa Seu Genival kigoda, akakaa polepole kwa ajili ya mgongo, na Lorena akajiburuta mpaka miguuni kwake akaanza kuvuta mkanda wa ndara.

"Kuna roboti," akasema.

Nikamuuliza roboti gani.

"Inapita kwenye orodha yetu. Kasoro ya manjano ikinyamaza muda mrefu, hakuna aliyeandika neno jipya, inabandika onyo. Mtu asipoandika, inaifunga. Ikishafungwa ndiyo basi, hata waliokuwa wanaikumbuka wanaona imekwisha. Hiyo roboti tuliikubali wote. Na mimi nilinyoosha mkono. Orodha ilikuwa imejaa takataka."

"Na ya mapacha imebandikwa."

"Jana."

"Waandike wale wenye mapacha."

"Hawajui, binti yangu. Mama ambaye karatasi ya mwanawe imemezwa hajui imemezwa. Ana mtoto mtulivu tu, anasifiwa. Hawezi kulalamikia asichokijua, na wao wanahesabu wanaolalamika." Lorena akauvuta mkanda mpaka ukatoka, akautia mdomoni, naye akamwacha. "Mimi sina funguo. Thalita nimemwomba, anasema ana huruma, lakini hataki kuonekana ananiandikia mimi. Anayetakiwa ni mtu mpya. Mtu yeyote anaruhusiwa kuingia akaandika."

Nilijua anakokwenda. Niliinuka nikapunguza moto wa maharage ambao haukuhitaji kupunguzwa.

"Seu Genival, mimi nimeishia shule ya msingi. Niandike nini mbele ya watu wale?"

"Uliyoyaona. Kwamba alilala sana. Kwamba daktari aliuliza karatasi, na kompyuta ikaonyesha mtoto mmoja. Huhitaji neno lolote la kwetu. Maneno ya kwetu ndiyo yaliyotufikisha hapa."

"Nikiandika watasikia?"

"Sijui. Roboti itasikia, haitafunga. Watu, sijui. Na sitaki kukuficha kitu. Kilichoandikwa pale hakifutiki. Dunia nzima inakisoma. Lorena akiwa msichana mkubwa, mtu akitafuta jina lake, mwenzake wa shule, mwajiri, mchumba, atakikuta. Atakuta ugonjwa wake na alivyochelewa kukaa na alivyochelewa kusema. Nimelifikiria hilo usiku na mchana kabla sijavuka barabara."

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa ameshika ule mkanda kwa mikono miwili, mate yanamtiririka, ameridhika. Yeye bado hajui kuwa kuna watu wanaosema amechelewa. Anajua kijiko chake, sauti ya Raíssa, na miguu ya nani inapita sakafuni. Siku moja atajua, na nilitaka siku hiyo ajue kutoka kwangu.

"Nitaandika," nikasema. "Lakini jina la mtoto siliweki. Wala langu la ukoo. Wala mtaa."

"Murilo atasema ni hadithi."

"Aseme."

"Atasema, kisa kisicho na jina."

"Seu Genival, umemwona mtoto wangu akijiburuta hapa mbele yako. Jina lake siliweki kule. Uliniomba niandike, nimekubali. Hilo la jina usiniombe."

Akainamisha kichwa. Mkono wake mmoja ulishuka chini, Lorena akamshika kidole. Nilidhani nimemkatalia mpaka ameishiwa maneno, nikaanza kutafuta la kumliwaza, nikasema nitaandika kwamba jirani yangu mmoja alijitahidi sana, alizunguka zahanati zote na mgongo unamuuma, kwamba hakuna aliyepigania watoto hawa kama yeye.

Akatikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Lake usiliweke, uko sahihi. Wakitaka jina, weka langu. Andika kwamba aliyeipa manjano anakaa mkabala na nyumba yako. Liandike lote, Genival Targino de Araújo. Tarehe wataiona wenyewe, ipo pale pale kwenye alama. Andika kwamba alikuona una tumbo, kwamba alipelekewa kisa cha mapacha na hakuuliza swali hata moja. Hilo Murilo hawezi kuliita hadithi, kwa sababu akifungua atalikuta." Akanyanyua uso. "Na hayo ya kuzunguka zahanati yaache, usiyatie. Nakuomba, binti yangu. Usiniandike vizuri."